Gitaa la nyuzi 12 kwa bajeti ndogo: kagua shingo na briji kabla ya kusikiliza sauti

Mkuu, umeuliza gitaa kavu (la sanduku, lisilotegemea umeme) gani la nyuzi 12 ununue kwa bajeti ya milioni moja hivi ya Kitanzania, la kusindikizia kwaya na kupiga nyumbani, ukitokea kwenye gitaa la nyuzi 6. Mimi napiga la nyuzi 12 kwa miaka mingi, kanisani na kwenye shughuli, na magitaa ya jamaa yakianza kusumbua huwa yanaishia sebuleni kwangu. Kwa hiyo nivumilie, jibu litakuwa refu.

Kwa fedha hiyo, tafuta Yamaha FG820-12. Ikikosekana, chukua lolote lililopita ukaguzi nitakaoueleza hapa chini, hata kama jina lake hulijui. Lisilopita ukaguzi liache dukani, hata kama sauti yake imekutoa machozi.

Nasema hivyo kwa sababu dukani gitaa lolote la nyuzi 12 linasikika tamu. Nyuzi za E nene, A, D na G kila mmoja una pacha mwembamba anayelia oktava moja juu (noti ile ile, ngazi ya juu yake), na B na E ya mwisho zina pacha wa sauti ile ile. Utamu unatoka hapo, kwenye nyuzi zenyewe. Hata sanduku bovu likivishwa nyuzi mpya litameremeta kwa wiki mbili tatu. Sikio lako siku ya kununua ni shahidi wa uongo.

Kitu kisichosikika ni mvuto. Seti ya kawaida ya nyuzi 12, ile ya 10-47 (unene wa uzi wa kwanza na wa sita, kwa sehemu za elfu za inchi), ikityuniwa sawasawa inavuta shingo na briji, kile kibao cha usoni nyuzi zinapofungwa, kwa zaidi ya kilo 100. Seti ya nyuzi 6 ya 12-53 inavuta kilo 70 na ushei. Na mzigo huo haupumziki, unavuta usiku na mchana, ukipiga usipopiga. Mtengenezaji wa bei nafuu ana njia mbili: aweke mbao nene ndani, gitaa liwe imara lakini zito wa sauti, au aweke nyepesi, lilie vizuri leo na mwakani briji iwe imeinama kama bati lililokanyagwa. Mimi kwa bajeti ndogo nachagua lile zito bila kufikiri mara mbili.

Sasa ukaguzi. Nenda na rula ndefu ya chuma na karatasi ya risiti mfukoni.

Kwanza angalia briji kwa nyuma, upande wa kitako. Chukua ile karatasi, ijaribu kuingiza kati ya ukingo wa briji na uso wa gitaa. Ikiingia, gundi imeshaanza kuachia, na muuzaji akikwambia "hiyo ni kawaida ya nyuzi 12" mwache aendelee kuuza. Kisha inama, macho yawe usawa wa uso wa gitaa, utazame kutoka ubavuni. Uvimbe mdogo nyuma ya briji si ugonjwa, karibu kila gitaa la nyuzi 12 linao. Ugonjwa ni pale nyuma pamevimba na mbele, kuelekea tundu la sauti, pamebonyea, briji ikawa imelala kama inataka kuanguka mbele.

Pili, kimfupa cheupe kilichochomekwa kwenye briji. Tazama kimebaki kirefu kiasi gani juu ya mbao. Kikionekana milimita 3 hivi una nafasi ya kukisaga siku za mbele nyuzi zikipanda. Kama kimeshasagwa mpaka kinagusa mbao, halafu nyuzi bado ziko juu freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo), gitaa hilo limekwisha. Pima hapo hapo freti ya 12, chini ya E nene: milimita 2 na nusu ni raha, 3 unavumilia, zaidi ya 3 na nusu vidole vitakulaani.

Tatu, laza rula katikati ya shingo juu ya freti, ncha yake ielekee kwenye briji. Ncha ifike juu ya mbao ya briji, au iiguse kidogo kabisa. Ikigonga ubavuni mwa briji, chini ya ukingo wake wa juu, maana yake shingo imeshavutwa ikabadilisha pembe pale inapoungana na sanduku. Hapa ndipo wengi wanapodanganywa. Utaambiwa "kaza chuma cha ndani ya shingo, litakaa sawa." Chuma kile kinanyoosha shingo iliyopinda, basi. Pembe hakiigusi. Kurekebisha pembe ni kung'oa shingo na kuiunga upya, na kwa gitaa la bei hii kazi hiyo inazidi thamani ya gitaa lenyewe, ukimpata fundi wa kuifanya. Kuna jamaa aliniletea moja la mtumba, zuri wa sura, limekazwa chuma mpaka kimegoma kuzunguka, na nyuzi bado ziko juu. Tulilifanya la kupigia slaidi, yaani kwa kuteleza bomba juu ya nyuzi badala ya kubonyeza kwa vidole. Hakuna lingine lililowezekana.

Kwa habari hiyo, magitaa ya Kiitaliano ya Eko Ranger 12 ya zamani, yaliyotengenezwa Recanati, yana shingo ya kufungwa kwa skrubu. Wenye magitaa ya kisasa huyacheka, lakini pembe yake unairekebisha kwa kipande chembamba cha mbao na bisibisi. Ukilikuta mtumbani kwa bei ya kuzungumzika, usicheke.

Nne, mfupa wa juu shingoni, pale nyuzi zinapopita kwenda kwenye funguo. Jozi zote sita zikae na nafasi zinazofanana. Nyuzi mbili za jozi moja zikibanana mno zitagongana zikiwa zinalia. Zikiachana mno, kidole kitakamata mmoja na kumkosa mwenzake. Shika kodi ya F ya kawaida. Kama kidole kinauma kama umeshika kisu, au F inalia kali ilhali nyuzi wazi ziko sawa, mifereji ya mfupa huo iko juu. Hii isikukimbize, fundi yeyote mwenye tupa nyembamba anaimaliza kwa muda mfupi. Tenga fedha ya hiyo kazi ndani ya milioni yako. Gitaa jipya la bei nafuu lisilopita kwa fundi ni nusu gitaa.

Upana wa shingo: wewe wa nyuzi 6 umezoea milimita 43 au 44. La nyuzi 12 kwa kawaida linafika 46 hadi 48. Mwezi wa kwanza utaona shingo ni ubao wa kufulia, baadaye unasahau.

Kuhusu mbao, nina mawazo ambayo wengine hawatayapenda. Kila mtu atakwambia uso uwe ubao mzima wa sprusi (mti wa jamii ya misonobari), plaiwudi ni takataka. Kwa nyuzi 6 nakubali. Kwa nyuzi 12 za bei nafuu, uso wa plaiwudi si aibu hata kidogo. Mng'aro unaukosa kwenye plaiwudi, ndiyo, lakini hapa mng'aro unaletwa na wale pacha wembamba, tena mpaka unazidi. Na plaiwudi inavumilia mvuto, na inavumilia unyevu. Kama unakaa Dar, Tanga au Mombasa, uso wa ubao mzima utavimba msimu wa mvua na nyuzi zitapanda zenyewe. Ukilipeleka Arusha au Nairobi zinashuka. Ukinunua la ubao mzima ujue unafuga, hujanunua meza.

Turudi kwenye majina. FG820-12 ina uso wa sprusi ubao mzima, mgongo na mbavu za tabaka, haina umeme. Nje imekuwa ikiuzwa dola 400 na kidogo. Bei ya huku inategemea nani kalileta na kwa njia gani. Fender CD-60SCE-12 na Takamine GD30CE-12 nazo zina uso wa ubao mzima, zimekatwa kona ili mkono ufike freti za juu, na zina umeme ndani. Huo umeme mimi singeulipia. Kwenye kwaya gitaa linasikika vizuri zaidi maiki ikisimamishwa mbele yake, usawa wa pale shingo inapoingia kwenye sanduku, kuliko kupitia kisanduku cha betri cha bei nafuu. Guild F-2512E ni kubwa, mgongo na mbavu za mbao ya maple, sauti imenyooka, ila imepita bajeti yako. Taylor 150e ni gitaa zuri sana, nayo imepita. Za mtumba, Yamaha FG-230 za mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970 bado zinazunguka, nyingine zinalia kuliko mpya, lakini kwa umri huo usiruke hata hatua moja ya ukaguzi.

Ukishalinunua, usilityuni kwa E ya kawaida. Lityuni chini sauti moja nzima, D mpaka D, halafu weka kepo (kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni) freti ya 2 ukitaka kuimba na wenzako. Kushusha huko peke yake kunapunguza mvuto kwa takribani asilimia 20, gitaa linaishi, na vidole vinashukuru. Si ujanja wangu. Lead Belly, mwimbaji wa zamani wa Marekani aliyepiga gitaa la Stella la nyuzi 12, alityuni chini zaidi ya hapo, na ile ngurumo yake ya besi inatokana na hilo.

Nyuzi. Seti za 12 ni adimu madukani, agiza mbili tatu pamoja na gitaa. Atakayekatika kwanza ni pacha mwembamba wa G, kwa sababu analia juu kuliko hata E ya mwisho. Usinunue seti nzima kwa ajili yake. Uzi wa kwanza wa gitaa la umeme, 008 au 009, ni waya ule ule wa chuma, una kishikizo kile kile, na unapatikana kila mahali. Mimi huwa nao kwenye begi. Na ukimtyuni, panda taratibu kutoka chini, usipitilize ukarudi.

Jambo moja la kukupunguzia gharama kabla hujatoa milioni. Umesema "nyumbani", hukusema unapiga nini. Kama ni solo za rumba na seben, la nyuzi 12 litakuchosha: jozi hazivutiki kwa kidole na mbio zake ni nzito. Wapigaji wa Kongo walikuwa na gitaa waliloliita mi-composé, ambalo uzi wa nne ulitolewa ukawekwa mwembamba unaolia D ya juu. Gitaa ni la nyuzi 6, ila lina ule mlio unaoutafuta. Lifanyie hivyo gitaa lako la sasa wikiendi hii, gharama ni uzi mmoja. Ukiona bado unataka yote 12, basi endelea.

Ukipata la mtumba, piga picha tatu: briji kutoka ubavuni, kimfupa chake kwa karibu, na rula ikiwa juu ya freti. Ziweke hapa kabla hujatoa hela, nitaziangalia.