Nionyeshe soli kwanza, jina baadaye

Swali mlilowauliza wasomaji wiki hii lilikuwa: mtu wa kipato cha kawaida ana haja gani ya kununua kiatu au nguo ya mbunifu mwenye jina kubwa, na akishaamua kununua, atazame nini?

Nadhani wengi watakaowajibu ni wavaaji. Mimi ni fundi viatu, nakaa Mwembe Tayari, hapa Mombasa, na vitu hivyo nimevijua kwa upande wa chini, vikiwa vimeshapasuliwa na jina limefutika kwa jasho. Jibu langu ni kwamba haja ipo, lakini kwa vitu vichache sana, na bei si kipimo. Mimi hutazama mambo mawili: kitu chenyewe chaweza kufunguliwa na kushonwa upya? Na chastahimili hewa ya Mombasa? Vingi vilibuniwa na watu wanaoishi kwenye baridi, halafu vinakuja kukaa kabatini hapa, kwenye joto na unyevu wa bahari kuanzia Januari hadi Disemba.

Kaka mmoja aliniletea raba za kampuni yenye sifa kubwa Ulaya. Alizinunua ng'ambo, akaziweka kwenye boksi lake na karatasi zake zote, za kuvaa kwenye shughuli tu. Siku ya harusi ya dada yake alitoka garini, na kabla hajafika mlangoni soli zilikuwa zinamwagika nyuma yake. Nilipoziminya kwa kidole gumba zilibomoka kama biskuti iliyoingia chai, na kidole kikabaki kinanata. Yeye alishikilia kwamba kauziwa feki. Hazikuwa feki hata kidogo. Mshono wa juu ulikuwa safi na ngozi ilikuwa ngozi. Tatizo lilikuwa soli ya poliyurethani. Ni nyepesi, ni laini mguuni, ndiyo maana hupendwa, lakini mvuke wa maji ulio hewani huikatakata taratibu hadi isishike tena. Inakufa hata ikiwa haijakanyaga chini, na mahali penye joto na unyevu inakufa mapema zaidi. Boksi haliiokoi. Kwa hiyo ukinunua raba za namna hiyo, zivae. Ukitaka kiatu cha kuweka kwa ajili ya Idi na harusi, tafuta chenye soli ya ngozi au ya mpira. Soli hizo nazo huzeeka, lakini haziporomoki ghafla mbele za watu.

Jambo la pili ni jinsi soli ilivyoshikishwa. Viatu vingi siku hizi, hata vya maelfu mengi, vimebandikwa kwa gundi tu. Gundi si dhambi, ila joto la lami ya saa saba huilegeza, na mimi nikishabandika mara ya pili na ya tatu, kingo za ngozi zinachoka. Kuna viatu vya kiume vinavyoshonwa kwa mtindo unaoitwa Goodyear, kwa jina la Charles Goodyear mdogo, Mmarekani wa karne ya 19, mtoto wa yule aliyevumbua njia ya kuukaza mpira kwa joto. Hapo ukanda mwembamba wa ngozi huzungushwa ukingoni na kushonwa kwenye mwili wa kiatu, kisha soli inashonwa kwenye ukanda, haigusi mwili. Soli ikiisha, nakata uzi wa chini, naitoa, naweka nyingine. Kiatu kinapata maisha ya pili bila ngozi ya juu kujua. Viatu vingi vya Italia hushonwa kwa mtindo wa Blake, uzi mmoja unapita kutoka ndani hadi chini. Vinapendeza, vyembamba, vyepesi, lakini maji hupenya kwenye mshono, na kuvishona upya kunataka mashine ambayo sisi wa barabarani wengi wetu hatuna.

Sasa, tahadhari. Mshono unaouona ukingoni huenda ni pambo. Nimeshika viatu ambavyo "uzi" wake ulichapwa kwenye plastiki, huwezi hata kuudokoa kwa ncha ya msharasi, ile sindano nene ya fundi viatu. Geuza kiatu, tazama kama chini kuna mfereji wenye uzi. Muuzaji akikukataza kugeuza, mrudishie kiatu chake.

Soli nyekundu za Christian Louboutin, mbunifu wa viatu Mfaransa, nazo huniletea kazi. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya Marekani mjini New York ilimtambulia rangi ile kuwa alama yake, mradi sehemu ya juu ya kiatu isiwe nyekundu pia. Sina neno na mahakama. Lakini ule wekundu ni rangi iliyopakwa juu ya ngozi, na vijia vya Mji wa Kale havijui hukumu; matembezi machache tu na umeshakwaruzika. Bibi mwenye viatu hivyo namshauri aniletee kabla ya kuvivaa, nimbandikie mpira mwembamba. Akisema mpira utaficha rangi aliyoilipia, basi hapo alichonunua ni rangi, na ni haki yake.

Kuhusu ngozi sisemi mengi. Muhuri wa "ngozi halisi" hausemi ni tabaka gani. Bonyeza kwa kidole: ngozi nzuri hujikunja mikunjo midogo isiyolingana, na vinyweleo vyake huonekana. Iliyopakwa plastiki juu hukunjika mkunjo mmoja mzito, na baadaye hupasuka papo hapo. Ya kubandika kabisa, hapa kwetu inabambuka. Mvua za masika zikianza, kuvu jeupe halichagui jina. Usifunge viatu kwenye mfuko wa nailoni, viache vipumue. (Na udi unaifanya ngozi inukie, hauui kuvu. Nimechoka kubishana na mama zangu juu ya hili.)

Saizi pia huwatesa watu wanaoagiza kwa simu. Namba za Ulaya hupanda kwa thuluthi mbili za sentimita, za Uingereza kwa thuluthi moja ya inchi, yaani karibu milimita nane na nusu. Haziwezi kulingana sawasawa, kila jedwali limekisia mahali fulani. Pima mguu kwa sentimita, tena alasiri, ukiwa umeshavimba kwa joto na kusimama.

Nguo si fani yangu, lakini jirani yangu ni fundi cherehani, na mambo yake yanafanana na yangu. Yeye huigeuza nguo ndani nje kabla hajatazama lebo. Anatafuta kitambaa cha akiba kwenye mshono, cha kuachia mwenyewe akinenepa, na michirizi ya kitambaa inayokutana mahali pamoja ubavuni. Kwenye koti anabana kifua kwa vidole viwili kusikia kama kitambaa cha ndani kiko huru au kimegandishwa kwa gundi, kwa sababu kilichogandishwa, kikishapigwa pasi na jasho la kutosha, huvimba vivimbe ambavyo hakuna fundi atakayeviondoa. Koti la sufu nzito lenye bitana ya polista yeye hamshauri mtu wa Mombasa hata akipewa bure. Kitani na pamba, ndiyo. Na fulana yenye jina kubwa kifuani? Hapo tumekubaliana sote wawili: pamba ni pamba, na ukosi utalegea tu.

Msidhani bei inaonyesha gharama ya kazi. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba Burberry, kampuni ya mavazi ya Uingereza, iliteketeza bidhaa zake zenye thamani ya zaidi ya pauni milioni 28 katika mwaka mmoja, zisije zikauzwa rahisi na kulishusha jina. Ilipolaumiwa ikatangaza kuacha. Ndiyo maana nashangaa mtu anapoamini ofa ya nusu bei ya Louis Vuitton kwenye Instagram. Kampuni hiyo haipunguzi bei, na huuza kupitia maduka yake na njia zake rasmi za mtandaoni tu. Ukiona punguzo, umeona feki au kilichotumika.

Kilichotumika mimi sikidharau. Sokoni Kongowea, belo la mitumba likifunguliwa, wale wanaowahi ile bora ya kwanza, wenyewe wanaiita kamera, hutoka na viatu vya Italia ambavyo soli tu ndiyo imekwisha. Kazi ya kwangu ni soli na kisigino, na mtu anabaki na kiatu ambacho kipya asingekigusa. Angalia tu kitanga cha ndani, pale mguu unapokanyaga: kama kimeshachimbika umbo la mguu wa mwenzio, kiache, kitakuumiza.

Na ile hesabu ya kugawa bei kwa miaka ya kuvaa ni sahihi kwa aliye nazo mkononi. Anayenunua kwa mkopo wa simu, riba inamla kabla soli haijaliwa. Huyo namwambia aanze na makubadhi ya fundi wa hapa, ngozi na uzi, nitamrekebishia mpaka achoke mwenyewe.

Wanaotaka ushauri kabla ya kununua huwa wananitumia picha. Nafurahi, lakini picha haikunjiki. Kama muuzaji yuko mjini, mwambie nyote wawili mpite kwangu na kiatu chenyewe. Anayekataa safari hiyo huwa ameshanijibu.