Vichupa vinne, na sikuzimia

Jumanne iliyopita nimetolewa damu vichupa vinne, nikashuka kitandani mwenyewe na kutembea hadi nje bila kushikwa mkono. Wapo watakaoshangaa jambo kama hilo linaandikiwa nini. Hao makala hii si yao. Nawaandikia wale ambao wakisikia tu neno "maabara" viganja vinalowa, maana najua mko wengi na najua mnanyamaza, kama nilivyonyamaza mimi kwa miaka tisa.

Mara yangu ya kwanza daktari alitaka kipimo cha sukari na cha mafuta kwenye damu, akaniambia nikae bila kula kwa muda wa saa 12. Mimi nikaelewa kwamba hata maji ni marufuku. Nilikunywa maji ya mwisho saa mbili usiku, na zamu yangu ilifika saa nne asubuhi, ulimi umekauka kabisa. Mhudumu akanifunga mpira juu ya kiwiko, akapapasa, akapigapiga kwa vidole viwili, mshipa hauonekani. Akachoma, hakuna kitu. Akaizungusha sindano mle mle ndani, huku na huku, hakuna kitu. Akahamia mkono wa pili. Hapo ndipo sauti za watu zilipoanza kwenda mbali, jasho la baridi likanitoka juu ya mdomo, na kingo za kila nilichokiona zikawa nyeusi. Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni, na maneno ya kwanza kuyasikia yalikuwa ya yule mhudumu: "Mtu mzima anazimia kwa sindano?" Waliokuwa kwenye foleni wakacheka.

Maumivu ya sindano yaliisha siku ile ile. Maneno yale hayajaisha. Kwa sababu yake sikukanyaga maabara kwa miaka minane. Kila daktari aliyeniandikia kipimo nilimwitikia vizuri, kisha karatasi naikunja na kuitia kwenye droo. Mwaka jana nilipofikia hali ya kupumzika katikati ya ngazi ndipo nilipokwenda, na ikaonekana nina upungufu wa damu ambao haukuanza juzi. Simlaumu yule mhudumu kwa ugonjwa wangu. Ila ile miaka minane namdai, na siwezi kuandika hapa kwamba nimeshasamehe wakati bado.

Sasa ushauri wangu wa kwanza, na kama utachukua mmoja tu uchukue huu: sema. Kabla mpira haujafungwa, sema, "Mimi huwa nazimia, naomba nilale." Hiyo tu. Usingoje uulizwe. Mtu aliyelala hawezi kuanguka, na damu haina mlima wa kupanda kufika kichwani.

Kuzimia huku si utoto wala udhaifu wa moyo. Daktari aliyenipokea mwaka jana alinieleza kwa subira ambayo sikuizoea. Hofu nyingine hupandisha shinikizo la damu, lakini hofu ya damu na sindano kwa baadhi yetu hulipandisha kidogo kisha hulishusha ghafla: mapigo ya moyo yanapungua, mishipa inatanuka, ubongo unakosa damu ya kutosha kwa muda mfupi, unakwenda chini. Ndiyo maana wanaotuambia "legeza mwili, vuta pumzi" wanatukosea bila kujua. Sisi tunahitaji kukaza. Mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, ndiye aliyeieneza mbinu hii katika miaka ya 1980: unakaza misuli ya mapaja, tumbo na mikono kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uhisi joto limepanda usoni, unaachia kwa sekunde 20 au 30 bila kulegea kabisa, unarudia mara tano. Nimeifanya kila usiku kwa wiki moja kabla ya Jumanne. Wakati wa kuchomwa unakaza miguu na mkono ule mwingine. Mkono wa sindano unauacha umetulia.

Na kweli uache utulie. Mwaka jana, kwa kutaka kusaidia, nilikuwa nafunga na kufungua ngumi mfululizo mpira ukiwa umekaza. Jioni nikapigiwa simu: potasiamu, yale madini yaliyomo kwenye damu, iko juu, 5.8, nirudi asubuhi. Sikulala. Potasiamu iliyozidi kweli huweza kuvuruga mapigo ya moyo, na usiku ule niliuhesabu moyo wangu pigo kwa pigo. Asubuhi walipochukua damu bila ngumi na bila mpira kukaa muda mrefu ikatoka 4.2. Misuli inapofanya kazi huku damu imezuiwa, humwaga potasiamu papo hapo kwenye mkono, na kichupa kinaibeba kana kwamba ndiyo hali ya mwili mzima. Usiku mzima wa hofu kwa sababu ya ngumi. Hakuna aliyeniambia, basi mimi nakwambia.

Kuhusu kula: uliza kwa kila kipimo. Sukari ya asubuhi inahitaji angalau saa 8 bila kula. Mafuta mara nyingi wanataka kati ya saa 9 na 12, ingawa siku hizi maabara nyingine hawadai hivyo. Kipimo cha sukari kinachoangalia wastani wa miezi miwili hadi mitatu hakitaki njaa yoyote, na cha wingi wa damu vilevile. Mwaka jana nilikaa na njaa bure kabisa! Maji matupu kunywa, tena kunywa vizuri, isipokuwa umeambiwa vingine, maana mwili ukiwa na maji mshipa hujaa na kuonekana. Chai, kahawa, sigara na ubani wa kutafuna acha mpaka utakapomaliza. Mazoezi mazito siku moja kabla nayo acha, yanaweza kupandisha vipimo vya misuli na hata vya ini. Ukiwa unatumia insulini au dawa za kushusha sukari, usikae na njaa kabla ya kuzungumza na daktari wako.

Sema pia unachomeza. Narudia, sema. Vidonge vya nywele na kucha vyenye vitamini iitwayo biotini kwa wingi huweza kuvuruga vipimo vya tezi ya shingo, na kipimo kimoja cha moyo pia, na wengi hawavitaji kwa kuwa hawavihesabu kuwa dawa. Ila dawa uliyoandikiwa usiiache kwa uamuzi wako.

Baada ya sindano kutoka ndipo wengi tunajiharibu. Nilikuwa nakunja kiwiko juu ya pamba kama nilivyoona wengine wakifanya. Siku ile ya ngumi nilikunja hivyo hivyo, nikabeba begi zito kwa mkono ule ule, na kesho yake nilikuwa na vilio la damu lenye upana wa kiganja, la zambarau, ikabidi wachukue mkono wa pili. Likaenda kijani, likaenda njano, likaisha baada ya siku 12. Nyoosha mkono, bonyeza pamba kwa vidole bila kusugua wala kuchungulia, dakika tatu hadi tano. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu abonyeze zaidi, hadi dakika 10. Begi uhamishie upande mwingine siku hiyo. Damu ikivilia, weka kitu cha baridi kilichofungwa kwenye kitambaa siku ya kwanza. Uvimbe ukizidi kukua, vidole vikifa ganzi, au pakawa pa moto na kutoa usaha, rudi ukaonwe usisubiri.

Ukijisikia kuelea, lala uinue miguu. Usiinuke kwa aibu. Aibu ndiyo iliyonilaza sakafuni, kwa sababu nilihisi inakuja nikanyamaza ili nisionekane. Na wewe unayekaa kwenye foleni, mtu akianguka mbele yako mnyanyulie miguu na ufunge mdomo. Hujui kicheko chako kitamkalisha mwenzako nyumbani miaka mingapi.

Jumanne niliamka nikanywa glasi mbili za maji. Nilipoitwa nikasema sentensi yangu. Binti mwenye sindano akasema, "Karibu, dada, lala hapa," akaniomba jina na tarehe ya kuzaliwa, akalinganisha na karatasi za vichupa. Nikakaza mapaja, nikatazama taa ya darini yenye ufa. Kichupa cha kwanza, cha pili. Kwenye cha tatu jasho likaanza, nikakaza tena, likakoma. Cha nne. "Tumemaliza," akasema, na mimi nililia pale pale, machozi ya furaha, naye akaacha kazi akanishikia pamba mpaka nilipotulia. Nikalala dakika 15, nikala nilichobeba, nikaondoka.

Majibu nachukua Ijumaa. Kipimo kingine ni baada ya miezi mitatu, na juu ya fomu, pembeni ya jina langu, nimeshaandika kwa kalamu nyekundu: huzimia, alazwe.