Simile kwenye theluji

Nimekulia Mji Mkongwe, Unguja, ambako mwenye mkokoteni akipaza sauti "Simile!" unajibana ukutani kabla hata hujageuka kumtazama. Huku Anchorage, Alaska, sauti hiyo ni "Trail!", na anayeipaza amesimama juu ya sledi, chombo kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji, inayovutwa na mbwa kumi.

Ukitaka kuendesha baiskeli ya matairi manene majira ya baridi, ielewe kwanza njia yenyewe. Ni ukanda mwembamba wa theluji iliyoshindiliwa, na hatua moja pembeni unazama hadi mapajani. Kwa hiyo kila mwenye miguu anaitaka, akiwemo musi, mnyama mkubwa kuliko wote wa jamii ya kulungu. Dume la Alaska hupita kilo 600. Theluji nene inamchosha wakati chakula chake ni vijiti vya miti tu, basi akishapata njia ngumu haiachi.

Januari moja, ndani ya Far North Bicentennial Park, bustani kubwa yenye msitu hapa mjini, nilikata kona nikamkuta mmoja mita kama 15 mbele. Nikapiga kengele ili anipishe. Lilikuwa kosa kubwa. Alilaza masikio, manyoya ya shingo yakamsimama, akaanza kujilamba midomo. Tafadhali zishike dalili hizo tatu. Niliitupa baiskeli nikakimbilia nyuma ya mti mnene; akaja kwa kasi, kisha akasimama. Musi akikujia, kimbia, weka mti kati yenu, kwa kawaida hafuati mbali. Ukimwona mapema, geuza urudi ulikotoka, hasa akiwa na ndama.

Mbwa wanataka adabu nyingine. Kabla ya safari hubweka kama wamepagawa, lakini wakishaanza kukimbia hunyamaza, unasikia pumzi zao tu. Acha vifaa vya masikioni nyumbani. Sledi ina breki, lakini mbwa wenye nguvu hawasimami kwa kukanyagwa breki mara moja. Shuka, ingia kwenye theluji pamoja na baiskeli yako, punguza mwanga wa taa, usiwaite wala kuwagusa. Njia zenye vibao vya mbwa wa sledi usiziingie kabisa.

Mbwa hao wamefungwa kamba, hawawezi kumkimbia musi. Mwaka 1985, katika Iditarod, mashindano ya mbwa wa sledi ya kuvuka Alaska, musi aliwavamia mbwa wa mshindani Susan Butcher akaua wawili, mpaka mshindani mwenzake alipofika akampiga risasi. Ukimsukuma musi mbele njiani, huenda unampeleka kwa mbwa kama hao.

Siku ile ya kengele, nikiwa bado nyuma ya mti, niliona taa ya sledi kwa mbali ikija. Nikapunga mikono yote miwili, nikapaza sauti kwamba mbele kuna musi. Mwendeshaji alikanyaga breki kwa miguu miwili, akakita nanga ya chuma kwenye theluji, akaenda kumshika mbwa wa mbele. Tulingoja dakika 20 bila kusema neno, musi akitafuna matawi, hadi alipoingia msituni mwenyewe.