Mwanangu, haya unayoambiwa kuhusu kumfundisha mtoto nyumbani

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama mtoto anayefundishwa nyumbani haharibiki, ukanieleza na unayoambiwa: wifi yako anadai hatajua kuishi na watu, jirani anasema ni kuvunja sheria, na rafiki yako wa kazini anaapa kwamba watoto wa namna hiyo huwapita mbali wa shuleni. Nimeshika chaki miaka mingi, kwa hiyo huenda ulitegemea niitetee shule. Soma kwanza.

Hilo la sheria ni jepesi, maana hakuna jibu moja la dunia nzima. England, sheria ya elimu ya mwaka 1996 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayomfaa, shuleni au kwa njia nyingine. Marekani majimbo yote 50 yanaruhusu, ila yako yanayodai mtoto apimwe na yako yasiyodai hata taarifa. Ujerumani mlango umefungwa. Familia zilizopeleka malalamiko Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu hazikushinda, si mwaka 2006 si 2019. Ufaransa zamani mzazi alitoa taarifa tu, na tangu 2022 anatakiwa kuomba kibali. Basi anayekuambia inaruhusiwa au hairuhusiwi bila kutaja nchi, mwache amalize maneno yake. Wewe nenda ofisi ya elimu ya hapo mlipo, uliza, na jibu ulipate kwa maandishi.

Kuhusu mtoto kukosa wenzake, wifi yako hajakosea kila kitu. Ila anadhani kuwa wengi pamoja ndiko kuzoeana. Mimi nimefundisha watoto wapweke kabisa katikati ya darasa lililojaa, na nimeona wengine wakijifunza uoga tu kwa wenzao. Mtoto wa nyumbani anaweza kuwa na timu ya mpira, kwaya, watoto wa jirani, na akazoea kuzungumza na wakubwa bila kutetemeka. Lakini shuleni marafiki hupatikana bila mzazi kuinua mkono. Nyumbani utampeleka wewe, wiki baada ya wiki, hata siku umechoka, na kwa watoto walewale. Sura mpya kila mara hazimfundishi mtoto kugombana na kupatana.

Upweke ninaouogopa mimi ni wako. Mwalimu wa shule ana mwenzake chumba cha pili, ana mtu wa kukagua maandalio yake, na mwisho wa yote mtihani hutungwa na asiyemjua mwanafunzi. Mzazi anafundisha yeye, anatunga yeye, anasahihisha yeye, na mtahiniwa ni kipenzi chake. Mtoto akikwama unamtajia nusu ya jibu, kisha unampa vema, na wala hukukusudia kudanganya. Watafiti wawili, Robert Kunzman na Milton Gaither, walipitia tafiti nyingi za jambo hili mwaka 2013, wakaona mwelekeo wa watoto wa nyumbani kuwa wazuri katika kusoma na lugha, na dhaifu zaidi katika hesabu. Sishangai. Lugha humwingia mtoto popote penye vitabu na mazungumzo. Hesabu zinataka mpangilio, na mzazi anayeziogopa huzirukaruka bila hata kujijua.

Rafiki yako naye amebeba takwimu bila kuuliza zimetoka wapi. Nyingi ya zile zinazotambiwa zilitokana na familia zilizojitolea watoto wao wapimwe. Sasa nani hujitolea kupimwa? Wengi wao walikuwa wazazi wenye elimu na nafasi, ambao watoto wao wangefaulu hata wangesomea wapi. Hazisemi kwamba njia hii ni mbovu. Kuhusu mjukuu wangu, hazisemi kitu.

Cheti cha ualimu kisikunyime usingizi. Sehemu kubwa ya tuliyofundishwa chuoni ilikuwa namna ya kuongoza kundi, na wewe huna kundi. Kwa sababu hiyohiyo usiweke kengele sebuleni wala ratiba ya kutwa nzima. Siku ya shule inaliwa na kuita majina, kusubiriana na kunyamazishana. Mtoto mdogo aliyekaa na mtu mmoja anayemsikiliza, saa mbili au tatu humtosha. Akifika sekondari mambo hubadilika. Kemia haitaki moyo tu, inataka vifaa na mtu anayeijua. Mitihani pia: atafanya akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na si kila kituo kinawapokea hao, hasa kwenye mitihani ya vitendo. Jambo hilo uliza sasa, usingoje mwaka wa mtihani.

Halafu kuna hili ambalo hakuna aliyekuambia, nawe hukuniandikia. Watu husema ni nafuu kwa kuwa hakuna ada. Mshahara wa yule atakayebaki nyumbani haumo katika hesabu yao. Ni nani kati yako na mume wako atakayeacha kazi, au kuipunguza, na kwa miaka mingapi? Mkisema mtafanya kwa zamu, zamu hizo ziandikeni kwenye karatasi kabla mtoto hajaondolewa shuleni. Nimeisoma barua yako nzima, mume wako hayumo hata mara moja.

Kaeni mzungumze, kisha unijibu. Mkiamua ndiyo, mtihani wa hesabu wa kila mwisho wa muhula nitautunga mimi na nitausahihisha mimi, na mjukuu wangu sitampa alama hata moja ya huruma.

Mama yako