Koti linaloa mgongoni ikifika saa nane: nivae nini ofisini Dodoma?

SWALI: Shikamoo mama fundi. Nilihamia Dodoma mwezi wa nne nikitokea Dar es Salaam, nafanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba. Nilikuja na suti zangu tatu nilizoshonewa Dar. Mwezi wa sita na wa saba sikuona tabu, asubuhi baridi ilikuwa kali hata koti niliona halitoshi. Sasa ni Oktoba. Dirisha la ofisi yetu linatazama magharibi, kiyoyozi kiko ukumbi wa mikutano tu, sisi tuna feni. Ikifika saa nane mchana koti limeloa mgongoni na suruali inanata mapajani. Wenzangu walinishauri nivae nguo nyepesi, nikanunua mashati mawili mepesi kabisa, joto ni lile lile. Je, niache kuvaa singlendi? Rangi gani inafaa? Mke wangu anafanya kazi benki na anavaa mtandio, naye ana shida hiyo hiyo.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Nianze na hayo mashati mawili, maana hapo ndipo wengi wanapopoteza fedha. Kitambaa kuwa chepesi ni jambo moja, kupitisha hewa ni jambo jingine. Poliesta inaweza kuwa nyembamba hata ukaona mkono kwa upande wa pili, na bado ikakufunika kama mfuko wa nailoni. Uzi wake haunywi maji, kwa hiyo jasho linabaki ngozini na shati linagandia mgongo. Uzi wa pamba unalinyonya jasho, unalitandaza, na upepo unalikaushia kwa nje.

Nashuku mashati yako ni poliesta. Chomoa nyuzi mbili tatu kwenye pindo la ndani, zishike kwa koleo, uziwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha jivu laini linalopeperuka. Poliesta hujikunja, huyeyuka, kisha huganda kuwa kidonge kigumu cheusi. Ukipata vyote viwili, jivu na vidonge, kitambaa kimechanganywa. Dukani usiulize tu "hii pamba?", kila muuzaji atakuitikia ndiyo. Omba kipande kidogo ukakichome mwenyewe.

Sasa joto lenyewe. La Dodoma si la Dar, na mtu aliyezoea Pwani hulisoma vibaya. Dar hewa ina unyevu wa bahari, jasho linatiririka na halikauki. Huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Oktoba mvua ni kama hakuna. Hewa ni kavu na upepo upo. Jasho halikupozi kwa kutoka, linakupoza kwa kukauka. Lita 1 ya jasho ikikaukia yote mwilini huondoka na joto la kilojuli 2,400 hivi, ambalo lingetosha kuchemsha lita 7 za maji ya bomba. Mtungi wa udongo unapoza maji kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo Dodoma imekupa kiyoyozi chako mwilini, bure. Ukiloa mgongoni katika hewa kavu namna hii, ujue nguo ndiyo iliyokifunga.

Na hapo nakuja kwenye koti, ambalo kwa maoni yangu ndiyo shina la shida yako. Kitambaa cha nje watu hukichagua kwa makini, lakini bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti, nani anaiuliza? Makoti mengi yanashonwa yakiwa na bitana ya poliesta mwili mzima, laini, inayong'aa, iliyofumwa kwa kubana. Hata nje ukiweka kitani cha bei gani, upepo wa feni utaishia kwenye bitana. Mwambie fundi akushonee koti la nusu bitana: mikononi ibaki ili koti liteleze unapolivaa, mabegani ibaki ili koti likae vizuri, lakini mgongo kuanzia chini ya mabega uachwe wazi. Kazi hiyo ni ngumu kuliko bitana kamili, kwa sababu mishono yote ya ndani inaonekana, inabidi ipigwe ovaloki safi au ifungwe kwa utepe. Akikutoza zaidi kidogo usibishane naye. Pedi za mabega ziwe nyembamba, au zisiwepo.

Kitambaa cha koti tafuta pamba ya kadeti nyepesi au kitani, uzito wa gramu 200 hadi 250 kwa mita ya mraba. Kitani kinajikunja, hilo nakwambia wazi. Kama bosi wako hapendi mikunjo, chukua pamba iliyochanganywa na kitani. Sufu nyepesi iliyofumwa wazi nayo inapumua vizuri sana, ingawa bei yake ni kubwa. Pamba isiyooshwa lazima iloweshwe na kuanikwa kabla ya kukatwa, la sivyo kila mita 1 inaweza kupungua sentimita 3 hadi 5 baada ya kufuliwa, na suruali itakubana tena mapajani.

Kubana kwenyewe ni adui mkubwa. Mwili unapasha hewa iliyo karibu nao, hewa hiyo inapanda, inataka kutokea shingoni kama moshi kwenye dohani. Nguo ikiwa na nafasi, hewa inazunguka, ikibana, imekwama. Kola iruhusu vidole viwili, kikwapa kisikate, suruali iwe na rinda moja mbele na nafasi ya kutosha pajani. Tai inaziba dohani hilo juu kabisa, basi ivae unapoingia mkutanoni na uivue ukitoka. Waraka wa mavazi ya watumishi wa umma wa mwaka 2007 unakataza nguo za kubana, fupi na zinazoonesha maungo, kwa hiyo hapa heshima na ubaridi vinakwenda pamoja. Mwalimu Nyerere tulimzoea kazini kwa suti ya mikono mifupi isiyo na tai. Suti ya Kaunda ya pamba, isiyo na bitana, ndiyo ningekushonea kwa Oktoba na Novemba kama afisa utumishi wako hana pingamizi.

Singlendi usiiache, ila iwe ya pamba nyembamba. Inanyonya jasho kabla halijafika kwenye shati, na shati jeupe bila singlendi linaonesha kifua. Kama ni ile ya kuteleza, hiyo itoe leo.

Rangi watu wanaikuza mno. Ukiwa juani, ndiyo, nyeupe na rangi za maziwa zinarudisha mwanga, na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita linatusimamia utosini kabisa kwa kuwa tuko digrii 6 kusini mwa Ikweta. Lakini wewe unashinda ndani. Ndani ya ofisi rangi haina uzito, kinachoamua ni kitambaa. Nyeupe tupu nayo, kwa vumbi letu jekundu na upepo wa huku, ikifika jioni imebadilika shingoni. Kaki, kijivu hafifu na buluu ya maji zinatosha.

Mkeo mwambie atazame ndani ya sketi na gauni zake. Bitana ya sateni aibadilishe kwa poplini nyembamba ya pamba; fundi anaimaliza kwa siku moja. Gauni pana lisilokatwa kiunoni linapumua kuliko sketi ya kubana na blauzi. Mtandio uwe wa pamba ya kufumwa wazi, ufungwe mara moja bila kofia nene ya ndani, na pini ziwe chache ili hewa ipite shingoni. Vitenge pia auchome uzi kwanza, siku hizi vingi ni poliesta iliyochapwa maua ya kitenge.

Ofisini kwenu, fungueni madirisha asubuhi mapema, na ikifika saa saba mteremshe pazia la magharibi kabla jua halijaingia, maana likishapasha meza na ukuta pazia halisaidii tena. Feni ikupige kifuani na shingoni, koti likiwa kwenye kiti. Kunywa maji hata kama huoni jasho, kwa sababu huku linakauka kabla hujaliona. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, umechelewa. Na ukumbi wenu wa kiyoyozi ukiwa baridi, hapo ndipo koti linapofanya kazi yake.

Hizo suti tatu usizitupe. Peleka koti moja kwanza, fundi atoe bitana ya mgongo na kumalizia mishono, ulivae wiki nzima ukiwa na shati la pamba. Ukiona mgongo umebaki mkavu saa nane, peleka na yale mawili kabla ya Novemba.