Jibu: Kiwanja Pongwe na fununu za kiwanda cha magari

Salaam ndugu. Umeuliza kama ukope ununue kiwanja Pongwe, hapa jijini Tanga, kwa kuwa umesikia Tanga itaunda magari. Tafadhali usikope kwa fununu. Kilichobadilika kweli ni bandari ya Tanga: zamani meli kubwa zilitia nanga mbali, mzigo ukaletwa gatini kwa matishari (vyombo bapa vya kubebea mizigo). Sasa kina gatini ni mita 13, na magari yanashuka yakiendeshwa. Lakini kushusha gari si kuliunganisha. Malori ya FAW, kampuni ya China, yanaunganishwa Kibaha mkoani Pwani, sio kwetu.

Anzia ofisi ya ardhi ya jiji. Omba kuona mchoro wa mipango miji: eneo ni la viwanda au makazi? Jirani yangu alinunua cha makazi akitaka gereji, kibali hajapata mpaka leo.