Bajeti imepita, mishahara inachelewa: angalieni tarehe

Ndugu, umeuliza inakuwaje shirika lenye bajeti iliyopitishwa na ruzuku iliyosainiwa likose mshahara kila robo mwaka inapoisha. Nimeshika hesabu za mashirika yasiyo ya kiserikali kwa miaka mingi na hali hiyo naifahamu. Bajeti inasema mtapata kiasi gani mwaka huu, haisemi fedha itaingia lini.

Anza kwa kuligawa salio la benki. Tuseme akaunti ina milioni 40. Milioni 31 ni za mradi wenye masharti, yaani haziruhusiwi kutumika nje ya mradi huo, milioni 5 ni kodi na makato ya wafanyakazi ambayo hayajapelekwa. Fedha huru ni milioni 4 tu. Mkurugenzi anayeiona 40 ataidhinisha matumizi ambayo 4 haiyawezi, kisha mtaanza kuazima mradi huu kulipia ule. Msifanye hivyo bila ruhusa ya maandishi ya mfadhili. Mkaguzi akikuta, mnaweza kudaiwa fedha hizo.

Pili, tengeneza makadirio ya wiki 13, kila wiki na safu yake. Ruzuku iandikwe kwenye wiki inayotarajiwa kufika benki. Awamu ya pili ya ruzuku kwa kawaida hutoka baada ya mfadhili kuikubali ripoti ya kwanza, kwa hiyo mimi huweka tarehe ya ripoti kwenye jedwali hilohilo, pamoja na jina la anayeiandika. Ripoti ikichelewa, sogeza na fedha. Bima ya mwaka na ada ya ukaguzi ziingie nzima kwenye wiki zake, usizigawe kwa 12. Uchakavu wa mali, yaani kushuka kwa thamani ya vifaa kunakoandikwa vitabuni, uache, hautoi shilingi benki.

Ruzuku ya kurudishiwa gharama ndiyo inayoumiza kuliko zote, maana mnatumia kwanza ndipo mnadai. Kabla ya kusaini, jiulizeni nani atabeba miezi hiyo ya kusubiri. Ombeni malipo ya awali, au angalau kudai kila mwezi badala ya kila robo. Wafadhili wengi huzungumzika kabla ya mkataba, baada yake ni vigumu.

Kila Jumatatu weka takwimu halisi za wiki iliyopita na uongeze wiki moja mbele. Fedha huru ikionekana kwenda chini ya sifuri wiki ya 9, peleka jedwali kwa bodi wiki hii, wakati manunuzi bado yanaweza kusogezwa na mfadhili bado anaweza kuombwa aharakishe awamu.